Kumtafutia Yarimar Sababu

Kwenye kona ya juu, barabara ya kwenda mji wa Adjuntas, katikati ya milima ya kisiwa chetu, inapopinda kabla ya daraja, kuna kibanda cha Doña Monse, na mbele ya kibanda kuna benchi. Si benchi la seremala. Ni kiti cha nyuma cha basi la shule lililokufa zamani, kimewekwa juu ya matofali, na sponji yake imekwisha kabisa upande anaokaa Wakili, maana Wakili ndiye mwenye makao ya kudumu. Hapo ndipo mambo ya dunia yanapokatwa. Magavana wamefukuzwa kazi hapo, bei ya petroli imeshushwa, ndoa za watu zimevunjwa, na halijatokea hata moja. Alasiri hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, jambo ambalo hakuna aliyejisumbua kulitaja, na Doña Monse alikuwa anachuja kahawa kwa ile soksi yake ya kitambaa juu ya jiko la gesi. Ng'ambo ya barabara, kwenye uzio, bango la mwaka jana lilikuwa bado linaning'inia: picha ya msichana ambaye jua limeshamfuta pua, na chini yake maandishi, YARIMAR RENTAS, INJINIA WETU, MTAA MZIMA TUNAJIVUNIA. Kwetu mtoto akichaguliwa chuo kikuu ni lazima atundikwe. Utaratibu wa kutundika upo. Wa kushusha haupo.

Baba wa huyo msichana, Tello Rentas, alikuja akiburuta buti. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa shamba, maana ule anaujua, ukilala unakwisha. Huu ulikuwa wa kichwani, na alikuwa ameamka nao. Alikaa upande wenye sponji, akavua kofia, akaivaa tena.

— Umekuja kama mtu aliyetoka kuzika, Jogoo akamwambia. Monse, mpe mwenzetu ya moto.

Jogoo ni mfuga majogoo, ndiyo maana anaitwa hivyo, na ndiye baba wa ubatizo wa Yarimar. Kwa hiyo anajiona ana hisa.

— Kesho nampeleka mtoto, Tello akasema.

— Wapi?

— Mashariki. Chuo cha upande wa Humacao. Kuna kamati imemwita.

— Kamati ya nini tena? Si anasoma kule magharibi?

— Alikuwa anasoma. Mwaka wa kwanza kachemka. Si mnazijua alama zake.

— Sisi hatuzijui, Wakili akasema, akiangalia mbali.

— Mnazijua. Monse anazijua, na akishajua Monse hata majogoo wa huyu bwana wanajua.

Doña Monse hakukana. Alimwekea kikombe mbele na kipande cha mkate, akabaki amesimama hapo hapo na taulo begani.

— Basi tueleze upya, mwanangu, akasema. Tuisikie kwako, tusiseme za kusikia.

Tello akaeleza. Kwamba chuo cha magharibi kimempa mtoto onyo: mkondo huu ukiendelea, atadisko, wamfukuze. Kwamba mtoto mwenyewe ameomba kuhama. Kwamba vyuo viwili vimemkatalia, maana nani anataka kuokota mwanafunzi aliyeanguka kwa mwenzake, lakini hiki cha mashariki kimesema, alama zako ni mbovu, ila njoo utueleze kwa mdomo wako mwaka wa kwanza uliharibika kwa sababu gani. Wakiridhika, wanampokea mwezi wa nane. Wasiporidhika, basi.

— Basi ndiyo nini? Jogoo akauliza.

— Basi ni Orlando, ng'ambo ya bahari. Binamu yake anatandika vitanda vya hoteli kule. Ameshamwambia chumba kipo.

Hakuna mtu juu ya mlima huu ambaye hana mtoto Orlando. Doña Monse anao watatu, wanapiga simu Krismasi.

— Sasa wewe unachotafuta ni nini? Wakili akauliza.

— Sababu.

Na kweli ndicho alichokijia. Jana jikoni Yarimar alikuwa ameshika sufuria, hakuiosha, akamgeukia. "Baba, nitawaambia nini?" Akamwangalia sana. Tello akamjibu, ngoja nifikirie. Amefikiria akiwa anapalilia, amefikiria akiwa anakula, hana kitu. Mtoto ana akili, hilo halina ubishi. Havuti, hanywi, hana makundi. Shule ya sekondari alikuwa wa kwanza. Sasa mtu kama huyo anaangukaje? Kwa hiyo akaona aje kwenye benchi, maana benchi lina upungufu wa mengi, lakini sababu halijawahi kukosa.

Wakili alikohoa. Wakili hajasoma sheria hata siku moja. Alikuwa bawabu wa mahakama mpaka alipostaafu, akifungua mlango na kufunga, na anasema sheria ilimwingia kwa kupumua.

— Kisheria, akasema, sababu zinazokubalika ni maradhi, msiba na kazi ya Mungu, kama kimbunga. Hamna nyingine. Maradhi wataomba cheti. Kazi ya Mungu wataomba tarehe. Msiba hawaombi kitu, wanaona aibu. Aseme bibi yake alifariki.

— Bibi yupi? Mama yangu mzima. Juzi Jumapili kala nguruwe akaongeza.

— Kwani kamati itapanda mlima kuja kumpima mapigo? Aseme alifariki mwezi wa kumi, mtoto akavurugikiwa. Mfa maji haachi kutapatapa.

— Nani anayekufa maji?

— Bibi.

— Sasa amekufa maji? Jogoo akauliza. Mama Rentas, ambaye hata kuoga mtoni anaogopa?

— Nimetoa methali tu, bwana. Usiipekue.

— Mimi simuui mama yangu, Tello akasema kwa sauti ya chini. Nitamwangalia usoni vipi?

— Hajui kusoma magazeti, hatajua.

— Hapana.

Bronksi akaweka kikombe chini. Bronksi aliishi Niuyoki miaka mingi akifagia vituo vya treni, akarudi na koti zito ambalo hapa hajapata siku ya kulivaa, na neno lake la kwanza katika kila shauri ni moja.

— Kule Niuyoki, akasema, kwenye jengo letu walikuwepo kina Hosé Rivera watatu. Mmoja aliiba, wa pili akafungwa, wa tatu akalipwa fidia. Nimeona kwa macho yangu. Hizi mashine hazijui watu, zinajua majina. Nakuapia kuna Yarimar Rentas mwingine katika kile chuo, mvivu huyo, hata daftari hana, na sasa hivi anakula raha kwa alama za mtoto wetu.

— Yarimar Rentas ni mmoja tu, Tello akasema.

— Umewahesabu?

— Mtoto mwenyewe anasema mitihani ilimshinda, Bronksi. Si mashine. Aliingia, akakaa, karatasi ikamshinda.

— Hapo ndipo walipomwingiza mjini. Wamemfanya aamini.

Jogoo akacheka, akatikisa kichwa, akaelekeza kidevu kwenye uzio wa ng'ambo.

— Nyinyi mnazunguka tu, na jambo lenyewe lile pale limening'inia. Bango. Tulimtundika mtoto barabarani, kila dereva anayekata kona anamkodolea macho. Wengine wana watoto waliokosa chuo. Kijicho, jamani. Yule jogoo wangu mwekundu, yule wa mwaka ule, nilimpiga picha nikaibandika dukani. Wiki haikuisha, kafa.

— Alikufa kwa sababu ulimpa ramu, Doña Monse akasema.

— Nilimpa ramu baada ya kuanza kuumwa.

— Ulimpa ramu akaanza kuumwa.

— Mimi ndiye nilikuwa naye, Monse.

— Kwa hiyo tulishushe? Wakili akauliza, na wote wakaliangalia lile bango, na hakuna aliyeinuka. Kulishusha ni kusema kwamba mambo yameharibika. Likianguka lenyewe kwa upepo, hiyo ni habari nyingine.

Tello alikunywa kahawa. Ilikuwa nzuri, kama kawaida, maana ilitoka shambani kwake. Baada ya kile kimbunga kikubwa kung'oa kila kitu, alipanda upya miche yote kwa mikono yake, akangoja miaka mpaka ikazaa, na ilipozaa wachumaji wakawa hawapo. Hiyo ndiyo hadithi ya kila mwenye kahawa hapa, hakuna haja ya kuililia. Alikunywa tena akasema kile ambacho kilikuwa kinamuuma kuliko alama.

— Nilimwambia ahamie hapa chini ya mlima. Kile chuo kidogo. Wanampokea hata kesho, hawana masharti. Angelala nyumbani, angekula kwa mama yake. Kakataa.

— Kakataa vipi? Doña Monse akauliza.

— Kwa adabu. "Hapana, Baba." Basi. Anataka huko mashariki, kisiwa kizima katikati. Kule magharibi nilikuwa naweza kumfuata. Humacao harudi mtu kila wiki.

— Fimbo ya mbali haiui nyoka, Jogoo akasema.

— Nyoka ni nani hapo?

— Mtoto.

— Unamwita binti yako wa ubatizo nyoka?

— Basi yeye ndiye fimbo. Ninachosema, awe karibu.

— Mwanamume, Doña Monse akasema.

— Nini?

— Yuko mwanamume Humacao. Msichana hakimbilii mbali bure. Mimi nilimfuata marehemu toka Lares kwa miguu, na nilimwambia mama yangu naenda kanisani kusali novena.

— Hana mwanamume, Tello akasema. Angepata wapi muda?

Aliyasema hayo yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akapeleka kikombe kinywani, na maneno yakapita kama gari linavyopita.

Wakili, aliyekuwa bado amekasirika kwa sababu hoja yake ya bibi ilikataliwa, akarudi kwa njia nyingine. Alisema jambo hili ni la kitabibu. Mtoto wa mlimani damu yake nzito. Ukimteremsha pwani ghafla, joto linamkuta hajajiandaa, ubongo unavimba, hesabu haziingii. Mti wa kahawa wenyewe ukiupanda pwani unakufa, sembuse mtu.

— Humacao nako si pwani? Bronksi akauliza.

— Pwani ya mashariki. Kule jua ndiyo kwanza linatoka, halijapata moto. Likifika magharibi limeshapikika.

Walilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

— Mimi nitawaambia jambo, Jogoo akasema, akashusha sauti, ingawa barabarani hapakuwa na mtu. Lakini msinicheke. Yule mnyama. Yule mnyonya damu ya mbuzi.

— Ameanza, Doña Monse akasema.

— Chupakabra hajafa. Mbuzi wameisha, watu wameacha kufuga. Sasa mnyama ale nini? Karibu na mabweni ya kile chuo kuna pori, nimeliona nilipomsindikiza mtoto kupeleka godoro. Yule hanyonyi damu tu. Anakuja umelala, anaweka mdomo hapa kisogoni, anavuta. Asubuhi mtu anaamka mzima, anakula, anatembea, ila alichosoma jana hakipo.

— Na wanafunzi wengine? Bronksi akauliza. Mbona wamefaulu?

— Anachagua wenye akili. Wewe ungekula mbuzi mwembamba?

— Sasa mtoto aende mbele ya kamati aseme chupakabra, Wakili akasema. Mtu mzima wewe.

— Ni bora kuliko bibi aliyezama.

Tello aliinamisha kichwa. Alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Aliwaza kesho: atavaa shati la kanisani, ataendesha gari tangu alfajiri, mtoto ataingia kwenye chumba chenye meza ndefu, ataulizwa, na atafungua mdomo hana la kusema. Halafu atatoka, hatalia, maana si mtu wa kulia, na wiki inayofuata atapanga begi la Orlando. Aliogopa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amekaa kwenye kiti cha basi, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Hapo ndipo gari la bluu lilipokata kona likitoa moshi, likasogea pembeni, likazima lenyewe. Akatoka mwanamume wa makamo, amevaa shati la mikono mifupi lililomganda mgongoni, akafungua boneti, akaifunga.

— Jamani, habari za hapa. Naomba maji. Limechemka.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Wakili akasema, akimaanisha kwamba labda mgeni atalipia duru. Acha lipoe kwanza. Ukimwagia sasa hivi litakupasukia. Kaa hapa, kunywa kahawa.

Mgeni akakaa. Alikuwa anatoka Yauco kumpelekea dada yake dawa, akapanda mlima na gia isiyofaa. Doña Monse akampa kikombe. Kabla hajakileta mdomoni, Wakili ameshamgeukia.

— Wewe ni mtu wa nje, huna upande. Tuamulie. Kuna mtoto kaanguka mwaka wa kwanza chuo kikuu, anataka kuhama, kamati inataka sababu. Sababu zilizopo mezani ni hizi: bibi kafa, ambayo imekataliwa bila hoja. Kuna msichana mwingine mwenye jina lake. Kijicho. Ubongo kuvimba. Na huyu bwana anasema mnyama.

— Mimi nimekuja kuomba maji, mgeni akasema.

— Maji yapo. Amua.

Mgeni alitabasamu kidogo, kwa uchovu, kama mtu ambaye kwao pia wana benchi. Akanywa. Akakiangalia kikombe, akanywa tena.

— Hii si ya dukani.

— Ya dukani ni unga wa mahindi, Doña Monse akasema. Hii ni ya huyu hapa, Tello. Shamba lake liko nyuma ya huo mgongo. Naikaanga mimi mwenyewe.

— Mna bahati. Mjomba wangu msimu uliopita kahawa yake yote ilidondoka chini. Imeiva, nyekundu, nzuri, hakuna mikono. Alikaa barazani anaiangalia inaoza. Nyinyi nani anawachumia?

Ee, swali likapata wenyewe. Benchi lote liliamka. Hata Tello aliinua kichwa.

— Si huyo hapo, Jogoo akasema, akinyoosha kidole ng'ambo kwenye bango. Huyo huyo! Binti yangu wa ubatizo. Usimwone vile hana pua, ana mikono ya ajabu. Anachuma makapu mawili wewe hujafunga kamba ya kapu lako kiunoni.

— Na hachumi mbichi, Doña Monse akasema. Nyekundu tupu. Ndiyo maana unaona haina uchungu.

— Kule Niuyoki mtoto hamsaidii mzazi hata kubeba mfuko, Bronksi akasema. Huyu, shamba lote la baba yake kalimaliza. Na kijishamba changu pia akanipitia Jumapili.

— Na changu, Jogoo akasema. Ijumaa mbili.

— Na miti ya marehemu mume wangu, Doña Monse akasema. Sikumwomba. Nilimwambia tu kwamba inadondoka.

— Hongera, mzee, mgeni akamwambia Tello. Watoto wa hivyo hawapo tena. Na ilikuwa msimu gani huo?

— Huu uliopita, Tello akasema. Wa mwezi wa tisa mpaka Krismasi.

Mgeni akaliangalia bango. Akasoma maandishi polepole, midomo ikicheza.

— Huyu ndiye yule wa chuo?

— Ndiye, Jogoo akasema, bado ana fahari. Baba yake alikuwa anamfuata na pikapu. Kila Alhamisi, mvua isimzuie, anateremka mpaka pwani, anamchukua. Jumatatu alfajiri anamrudisha. Hakukosa hata wiki moja. Baba gani mwingine angefanya hivyo?

— Kila Alhamisi, mgeni akasema.

— Kila Alhamisi.

— Ijumaa, Jumamosi, Jumapili shambani.

— Mpaka jua linazama.

Mgeni alikuna shingo. Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza vile mtu anavyouliza njia.

— Sasa kusoma alikuwa anasoma lini?

Jogoo alikishusha kile kidole alichonyoosha kwenye bango. Wakili aliangalia ndani ya kikombe chake, ambacho kilikuwa kimekwisha zamani. Bronksi alianza, kule Niu, akaishia hapo. Doña Monse alivua taulo begani, akaikunja, akaikunjua. Kwenye uzio bango lilipigwa na upepo likatulia.

— Nimeuliza tu, mgeni akasema.

— Gari limepoa, Doña Monse akamwambia. Ngoja nikupe maji.

Akampa ndoo. Mgeni akamwagia, akawasha, akapunga mkono, akaenda zake Adjuntas, na hajui mpaka leo alifanya nini. Waliobaki walikaa. Birika lilikuwa tupu, na hakuna aliyeomba jingine.

Tello alikuwa ameliona lote kwa mara moja. Maabara ya kemia ilikuwa Ijumaa. Mtoto alimwambia mwezi wa tisa, "Baba, Ijumaa nina maabara," naye akajibu, "Tutamaliza mapema mwanangu," na hawakumaliza mapema, wakaendelea kutomaliza mpaka Krismasi. Mtihani wa hesabu ulikuwa Jumatatu asubuhi. Alikumbuka zile Jumatatu, giza, wanateremka mlima, Yarimar amewasha tochi ya simu juu ya daftari, kucha nyeusi kwa utomvu, kichwa kinaanguka, kinainuka, kinaanguka. Naye akiwa kwenye usukani anajiambia, mtoto huyu ana bidii. Alijisifu. Alijiona baba wa mfano. Na muhula wa pili mtoto alikuwa anafukuzia masomo yaliyompita wa kwanza, na nani amewahi kuyakamata.

Halafu akakumbuka jikoni. "Baba, nitawaambia nini?" Na yale macho. Alidhani anaombwa msaada. Mtoto hakukosa sababu hata siku moja, sababu alikuwa nayo tangu mwezi wa tisa. Alikuwa anaomba ruhusa.

— Mimi nilimwambia Ijumaa mbili tu, Jogoo akasema, hakuna aliyemuuliza.

— Hazikuwa mbili, Doña Monse akasema.

— Kisheria, Wakili akaanza, akaacha.

Tello akainuka. Akaweka kikombe juu ya kaunta kwa uangalifu.

— Unaenda? Kaa, tumalizie shauri. Samaki mkunje angali...

— Acha samaki, Wakili.

— Tello, Bronksi akamwita alipokwisha kuvuka mfereji. Na msimu huu? Akienda mashariki, nani atachuma?

Hilo pia lilikuwa swali. Tello alilijua jibu lake, alikuwa amelijua tangu alipoinuka: nusu itadondoka. Miche aliyoipanda kwa mikono yake, aliyoingoja miaka, atakaa barazani kama yule mjomba wa mgeni, ataiangalia inaoza. Alitembea tu.

Nyumbani alimkuta Yarimar chumbani ameinua godoro. Umeme hakuna, kwa hiyo alikuwa ametandaza blauzi yake nyeupe juu ya mbao za kitanda ili godoro liinyooshe. Alikuwa anazilaza ncha za kola kwa vidole.

— Umerudi, Baba.

— Nimerudi.

— Walikuwa wanasema nini huko?

— Upuuzi. Bibi yako amekufa maji.

Yarimar akacheka kidogo, akashusha godoro. Akakaa juu yake. Tello alibaki mlangoni, kofia mkononi.

— Uliniuliza utawaambia nini, akasema. Waambie ulikuwa unachuma kahawa.

Mtoto aliangalia mikono yake.

— Watauliza, akasema baadaye. Watauliza kwa nini, wakati nilikuwa na vipindi.

— Waambie baba yako alikuwa anakuja kukuchukua. Kila Alhamisi. Ulimwambia una maabara, akakuambia mtamaliza mapema. Waambie hivyo hivyo. Wakidhani unatunga, mimi nitakuwa nje na pikapu, waniite niseme mwenyewe.

— Hutajisikia vibaya?

— Nitajisikia vibaya sana. Wewe sema.

Yarimar alifuta macho kwa mgongo wa kiganja, haraka, akainuka, akalisogeza godoro likae sawa ingawa lilikuwa sawa. Alikuwa amempa mgongo aliposema tena.

— Na mwezi wa tisa, Baba?

Tello aliivaa kofia yake.

— Mwezi wa tisa usije.